Fomula za Ndinda

Mumbuni, Machakos
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema langu nijibu kwanza lako: kifua kimepoa? Kaka Mwakio ameniambia ukungu wa mwezi huu unakaa huko Wundanyi hadi mchana, nawe bado unashuka kwenye kabichi asubuhi bila sweta. Tafadhali vaa lile la kijivu nililokutumia, hata kama linakuwasha. Na goti je? Mimi mwili ni mzima. Ninakula vizuri, ila usingizi umekuwa mwepesi, na sababu yake ndiyo iliyoniketisha kukuandikia leo. Kwenye simu ungenisikia nusunusu, na haya si mambo ya kusikia nusu.

Unajua nafanya kazi kwenye saiba ya Bwana Musyoka, duka lake la kompyuta, lakini nadhani sijawahi kukueleza sawasawa ninachofanya. Wanafunzi wa chuo huleta tasnifu zao, nasi tunazipanga, tunazichapa na kuzitia jalada. Mimi nilipewa za kemia kwa sababu wenzangu hawazitaki. Maandishi ya kemia ni makorofi. Hata maji tu, haya ya kunywa, yana kijinamba ambacho lazima kikae chini ya mstari, kati ya herufi mbili. Vitu vingine vina alama ya kutoa, ndogo kama ukope, juu ya herufi, na ukiisahau umeandika kitu kingine kabisa. Halafu kuna mishale. Mshale mmoja unasema vitu hivi vikikutana vinageuka kuwa vile, na basi. Mishale miwili, wa juu ukienda na wa chini ukirudi, inasema vyaweza kurudi vilivyokuwa. Programu ninayotumia hainionyeshi ukurasa wakati naandika. Naipa maagizo, inapanga, ndipo naona kama nimepatia au nimeharibu.

Mapema mwaka huu alikuja binti mmoja wa Mwala, anaitwa Ndinda. Alikuwa akisomea shahada ya pili. Alipenda kucheka, lakini kila alipocheka aliziba mdomo kwa mkono, kwa maana meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Siku moja akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ni maji ya kisima cha kwao, yana floraidi nyingi, na watoto wote waliokulia pale wana meno kama hayo. Tasnifu yake ilikuwa juu ya hilo hilo. Alichukua mifupa ya ng'ombe kwenye bucha za hapa mjini, akaichoma kwenye pipa nyumbani kwao mpaka ikawa nyeusi, akaisaga, akapitisha maji ndani yake. Mifupa hiyo inaishika floraidi. Alisema mama yake alimgombeza kila siku kwa sababu ya ule moshi.

Tulikuwa marika, Mama, na tukawa marafiki. Kuandika fomula kwenye simu ni taabu, kwa hiyo masahihisho yake alinitumia kwa sauti. "Wakesho, sasa. Kwa ile jedwali ya pili, fosfeti iko ndani ya mabano, na sita inakaa nje ya mabano, chini. Umeiweka ndani. Itoe huko." Kisha anacheka. Kwenye sauti hakuziba mdomo.

Ijumaa moja alipanda bodaboda kwenda nyumbani. Lori la mchanga likawakuta kwenye kona. Dereva wa pikipiki alivunjika mguu, akapona. Ndinda hakufika hospitali. Habari ililetwa na mwanafunzi mwenzake, akasimama mlangoni pa saiba akaitoa palepale, na mimi nilikuwa nimefungua sura yake ya nne kwenye kompyuta.

Baada ya mazishi alikuja baba yake, Mzee Mutua. Alivua kofia, akaniuliza, "Wewe ndiye Wakesho?"

"Ndiye mimi, baba."

"Ndinda alisema kazi yake iko kwako."

"Iko. Lakini haijaisha."

"Ndiyo nimekuja. Mwalimu wake amesema utafiti wenyewe ulikuwa umekwisha, ni kuandika tu kulibaki. Ikipelekwa ikiwa safi, yeye ataisoma, na chuo kitampa shahada yake hata kama hayuko. Mimi sijui hii mambo. Nimekuja kukuomba tu."

Akatoa kwenye begi karatasi alizoandika Ndinda kwa kalamu ya bluu, akaziweka mezani na kuzilainisha kwa kiganja, ingawa hazikuwa na kunjo. Bwana Musyoka hakupenda. Mzee alipoondoka, Bwana Musyoka aliniambia, "Kazi ya marehemu ni nzito, Wakesho. Itakufuata hadi kwa nyumba." Lakini hakunikataza.

Mwandiko wa Ndinda ulikuwa mbaya. Vijinamba vyake havijui vikae juu au chini, na alama ya kutoa unaweza kudhani ni mkwaruzo tu. Kwa hiyo nikarudi kwenye zile sauti. Nilivaa vipokea sauti masikioni, nikamsikiliza kutoka asubuhi hadi jioni. "Hapo weka mbili chini." Naiweka. "Hiyo floraidi haina ile minasi yake juu, utaniaibisha." Naiweka. Nikajikuta namjibu kwa sauti, "Sawa, Ndinda," na mteja aliyekaa karibu nami akahamisha kiti. Nyumbani nikipika namsikia bado. Nikitingisha chumvi kwenye chungu namsikia akitaja sodiamu. Sikuogopa, si kama tunavyoogopa tukisimuliwa habari za wafu. Ilikuwa tu kwamba kila siku aliniambia la kufanya, nami kila siku nilimtii, na huku najua alipozikwa.

Kisha nikakwama. Kulikuwa na mabadiliko yale yale ya mifupa na floraidi, ameyaandika mara mbili. Sura ya tatu ameweka mshale mmoja. Sura ya nne ameanza kuchora wa pili chini yake halafu ameufuta, au kalamu iliteleza, sikujua. Ilikuwa alasiri, saiba imejaa watu. Kwa mazoea, Mama, bila kufikiri kabisa, nilichukua simu nikamwandikia: "Ndinda, sura ya nne ni mshale mmoja au miwili?" Nikaituma.

Nilikuwa bado nimeishika simu nilipoona ujumbe umesomwa. Kisha juu ya jina lake pakatokea maneno kwamba anarekodi sauti.

Mashine ya kuchapa ilikuwa ikitoa karatasi, mtu ananiuliza kama tuna bahasha kubwa, na mimi natazama maneno yale. Sauti ikaingia. Niliiweka sikioni. Haikuwa na neno hata moja. Mbuzi walilia kwa mbali, kuku mmoja, na karibu kabisa mtu anahema. Anahema tu, kama aliyetaka kusema kitu kikamkwama. Kisha ikakatika.

Nilitoka nje nikasimama juani katikati ya wapita njia. Ndipo nikampigia Mzee Mutua.

"Huyo ni mama yake," akasema. "Simu ilirudi na nguo zake. Hajui kusoma, wala kutafuta sauti za zamani ndani yake, lakini Ndinda alimfundisha kubonyeza hapo pa sauti. Akiona kitu imeingia, anajua kuna mtu anamtafuta Ndinda. Hataki huyo mtu akose jibu."

Jumamosi nikaenda Mwala. Njia ni vumbi tupu na punda wa kubeba maji. Nilipofika, mama yake Ndinda alikuwa amekaa nje akichambua mbaazi. Ni mwanamke mwembamba, kama wewe, na ana kovu la moto mkononi kama lile lako la zamani. Kando ya nyumba lile pipa la kuchomea mifupa lilikuwa bado limesimama na majivu yake ndani. Hakuna aliyeligusa. Nikampa pole. Alinishika mkono kwa muda, akasema kwa Kiswahili chake cha shida, "Nasikia uko na sauti yake."

"Niko nayo, mama."

"Wacha nisikie."

Nikafungua. Nilitarajia atalia, nikawa nimejiandaa. Hakulia. Aliinamisha kichwa kuelekea simu na macho ameyafumba, na Ndinda akawa anataja kalsiamu na fosfeti na mabano. Mama yake hakuelewa neno moja la mambo hayo, ila alikuwa anasikia kitu ambacho mimi, na vipokea sauti vyangu vyote, sikuwa nimekisikia. "Hapo alikuwa jikoni kwangu," akasema. "Hiyo ni kifuniko ya sufuria yangu." Sauti nyingine: "Hapo yuko kwa pipa. Unasikia moto?" Nyingine: "Hapo ako kwa kitanda. Alikuwa na homa hiyo wiki." Kila ujumbe aliupa mahali pake, kama anayemtafuta mtoto chumba kwa chumba na kumpata kila chumba.

Ukaja ujumbe mmoja ambao nilikuwa nimeusikia zamani nikausahau kwa kuwa wakati huo sikuwa nimefika sura ya nne. Ndinda akasema, "Wakesho, sura ya tatu wacha mshale mmoja. Ya nne weka miwili, kwa sababu hapo tunaosha na kostiki soda, ile floraidi inatoka, na mifupa inarudi vile ilikuwa."

Mama yake akafumbua macho. "Amesema nini inarudi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mifupa, mama."

Akanitazama.

"Ya ng'ombe," nikasema haraka. "Ile ya kusafisha maji. Ikijaa uchafu, mtu anaiosha, anaitumia tena."

"Ya ng'ombe," akasema. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye mbaazi zake, lakini vidole havikuchambua kitu.

Nilipoaga aliniomba nisimpe zote siku ile. Nimtumie moja moja, kila Jumatano akitoka kwenye maombi ya kina mama, ili awe na ya kungojea. Nikafanya hivyo. Kila Jumatano nilituma ujumbe mmoja wa Ndinda kwenye simu ya Ndinda mwenyewe, na kila mara nilijibiwa kwa sauti isiyo na maneno: mbuzi, upepo, mtu anahema. Nami nilisikiliza hadi mwisho. Ningefanyaje?

Kazi ikaisha. Mwalimu wake aliisoma, akarudisha masahihisho machache, nikayaingiza, chuo kikaipokea. Siku ya mahafali jina la Ndinda liliitwa na Mzee Mutua akapanda jukwaani na koti lake la kanisani, akaipokea karatasi kwa viganja vyote viwili, akashuka nayo hivyo hivyo, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Watu walipiga makofi muda mrefu. Mama yake hakuja. Alisema mbuzi hawana wa kuwachunga, nasi sote tukakubali kwamba sababu ni mbuzi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Sauti zilibaki mbili, kisha moja, na hiyo moja sikuweza kuituma. Ndani yake Ndinda ananieleza habari za kichwa cha jedwali, na katikati ya maneno mtu anamwita kwa nyuma. Ni mama yake, anaita kutoka uani. Ndinda anasema, "Ngoja, Wakesho," kisha anageuza kichwa na kujibu kwa nguvu kwa Kikamba, "Ii, mwaitu," ndiyo mama, na kwamba anakuja sasa hivi. Zinasikika hatua zake zikitoka. Ujumbe unaishia hapo. Alisahau hata kurudi kunimalizia.

Jumatano mbili zilipita sijatuma kitu. Nilihisi namwibia. Nikahisi pia kwamba nikimpa namdhuru. Mwishowe nikapanda tena kwenda Mwala, nikiwa nimembebea nakala moja ya tasnifu yenye jalada, na baada ya chai nikamwambia ukweli. "Imebaki moja, mama. Wewe unamwita, na yeye anakujibu kwamba anakuja."

Nilikuwa nimeishika simu magotini, tayari. Akanyoosha mkono, nikadhani anaitaka, nikampa. Hakuiwasha. Aliufungua mkoba wangu, akairudisha ndani, akafunga zipu.

"Hiyo usinipe," akasema. "Nikiisikia nitamngoja."

Basi ninayo mimi, Mama. Sijaifuta na sidhani nitaifuta. Wakati mwingine Jumapili kama leo, nikijilaza mchana, nasikia mtu anaitwa uani na mtu anaitika, na naamka kabla hatua hazijafika popote. Niombee. Sina huzuni ya kukutisha, na kazini nimeshaanza tasnifu ya mtu mwingine, ya dawa za mimea, yenye mishale mingi kuliko ya Ndinda. Ila niombee.

Nisalimie kaka Mwakio ambaye najua ndiye anayekusomea haya, na mkewe wifi yangu. Mwambie wifi nimesikia habari ya ujauzito wake na nafurahi mno. Nisalimie shangazi Mghoi wa kule juu msituni, na mjomba mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye hataki kumuuza. Jirani yetu wa chini mwambie mbegu za mbaazi za huku nitamletea.

Ukitaka kunijibu, mwambie Mwakio aandike kwa kalamu, asinirekodie sauti yako. Nikitamani kukusikia nitapanda basi nije, uniite ukiwa jikoni, nami niitike nikiwa mlangoni.

Mwanao akupendaye,
Wakesho