Maua Nyuma ya Anti Rukia

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa na ngazi za kwa Bibi unazipanda bila kupumzika katikati. Mimi ni mzima, ila joto la huku lina maji ndani yake, nguo nikianika leo naivaa keshokutwa, na bado ina unyevu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu niliyokuwa nikitumia ni ya Anti Rukia, na ameichukua. Bi Tatu, yule muuza mapazia wa Darajani, anarudi Unguja kesho na amekubali kuitia barua kwenye mkoba wake. Nimemwomba akupe wewe mkononi, si mtu mwingine.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Anti aliufungulia mbele ya wateja waliokuja chumbani kwetu ili wote wasikie. Ulisema umeiona picha yake na yale maua makubwa ya ufunguzi wa duka, na kwamba mdogo wangu Mwanaidi akimaliza muhula huu aache skuli, aje kwa Anti asome chuo kama mimi.

Mama, mimi sisomi chuo chochote. Na Anti hana duka. Unanijua mdomo wangu, mbele ya watu haufunguki, lakini kwenye karatasi naweza, basi nivumilie.

Kazi yangu ni kutembea. Anti hununua madera Shahe, kwenye soko la nguo za jumla, akayavaa, akapigwa picha, akazirusha kwenye simu. Wateja wa Unguja na Dar wakiagiza, Mjomba, mumewe, anafunga mizigo. Kila wiki anataka sehemu mpya nyuma yake, ili watu waseme huyu mwanamke haishi kutembea. Hatembei. Miaka tisa yuko Guangzhou, na mji anaoujua ni mtaa huu wa Xiaobei wenye Waafrika wenzetu, lifti ya jengo letu, na hiyo Shahe anayoiendea kwa teksi na kurudi kwa teksi akilalamikia harufu. Mto unapita mjini humu na hajui uko upande gani. Kwa hiyo hunipa simu asubuhi, nikazunguka kwa miguu, nikapiga picha mahali napoona panafaa. Nikirudi anachagua, kesho yake tunakwenda kwa teksi, anasimama dakika kumi, tunaondoka.

Wala si yeye peke yake. Kuna ngazi nyeupe za hoteli moja hapa jirani, nadhani nusu ya Unguja wamezipiga picha wakisema ndiko wanakofikia. Mlinzi wake ameshatuchoka. Wanawake wanapanga foleni wakiazimana miwani ya jua, kisha wanarudi vyumbani kupika wali kwenye jiko la umeme chini ya kitanda. Kupika chini ya kitanda si aibu. Aibu ni zile ngazi.

Mimi mji nimeutembea, mama. Mwanzoni nilikuwa napiga visogo tu, kwa haya. Nina visogo vya wazee wanaocheza karata kwenye vigoda, kisogo cha fundi miavuli, visogo vya watu wanaovuta mikokoteni ya mabalo ya nguo. Halafu nikajifunza kuinua simu kidogo na kungoja. Mtu akitikisa kichwa kukubali, napiga. Akipunga mkono, napita. Kuna vichochoro nyuma ya maghorofa ambavyo watu wawili hawapishani, na juu nguo zimeanikwa kwenye mianzi mpaka jua halionekani. Kuna duka la vifungo, vifungo vitupu, na mtoto wa mwenye duka, msichana wa rika la Mwanaidi, kila alasiri anafanya hesabu za skuli juu ya boksi, kalamu imeng'atwa mwishoni kama anavyong'ata Mwanaidi. Picha yake nilimwonyesha Anti. Akasema ni uchafu, nifute.

Picha aliyoipenda ni ya mashada.

Niliyakuta katika kichochoro kimoja, maduara makubwa kuliko mtu, ya maua meupe na ya manjano, yamesimamishwa kwa miguu ya mianzi, yakining'iniza karatasi ndefu zilizoandikwa. Kwetu ua ni la harusi, nami niliinua simu kwa furaha kabisa. Mzee mwenye duka akanizuia kwa mkono. Akaonyesha picha ya mtu iliyokuwa ukutani ndani ya fremu nyeusi, akafumba macho, akalaza kichwa kwenye kiganja, kisha akaonyesha chini. Nikaelewa. Ni maua ya maiti, na zile karatasi zina jina la aliyekufa. Nikainamisha kichwa kumpa pole, naye akaniruhusu picha moja.

Anti nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti yangu hii ndogo, lakini nilimwambia. Alisema, "We bubu, maua ni maua. Nani Unguja anasoma Kichina?"

Tukaenda. Alikuwa na madera matatu ya kubadilisha ndani ya teksi. Pale dukani tulikuta mama mmoja na vijana wawili, wamefungwa vitambaa vyeusi mkononi, wamekuja kuchukua shada lao. Anti akawapungia wasogee, vile mtu anavyofukuza kuku uani. Wakasogea, mama. Nadhani hawakuamini. Mzee wa duka alinitazama mimi, si yeye, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeelezwa. Nami nikainua simu nikampiga Anti picha nne huku akizungusha dera. Hilo ni langu, simsingizii mtu.

Jioni alichagua picha moja, akaikata pembeni, akaandika kwamba amefungua duka Guangzhou na maua ni zawadi za wafanyabiashara wa Kichina. Ikafika kwenu. Najua mlifurahi. Bi Tatu ameniambia majirani walimwita Anti malkia.

Wiki ileile tulikwenda Shahe. Yule laoban wake, mwenye kibanda anaponunua siku zote, Anti akamwonyesha picha ile ya mashada kwa majivuno. Yule bwana aliitazama, akanitazama, akavuta dera lililokuwa mikononi mwa Anti akalirudisha ndani. "Meiyou," akasema, yaani hakuna, na madera yamejaa mpaka darini. Anti alirudi njia nzima akisema Wachina wana kiburi. Mpaka leo hajajiuliza. Mjomba ni ndugu yako na namheshimu, lakini nilipomweleza aliendelea kubandika utepe kwenye mzigo, akasema nimsikilize Anti yangu. Kila jambo humjibu mtu hivyo. Naona hata mizani yake ina maneno mengi kuliko yeye.

Juzi, baada ya ujumbe wako, Anti alinipa simu nimwambie Mwanaidi kwa sauti yangu kwamba huku kuzuri, chuo kizuri, aje haraka. Anataka mtu wa kumwendea Shahe, mimi nibaki na picha. Wateja walikuwepo, Mjomba yupo. Nikasema, "Simwiti."

Anti akageukia watu akacheka. "Haya, bubu kaongea."

"Simwiti, Anti. Ana skuli."

Hapo ndipo aliponinyang'anya simu. Sijutii. Ninachokosa ni kutembea tu.

Nisalimie Bibi na kofia zake, mwambie nimeona duka la nyuzi huku, angeliona angelia. Nisalimie Ami Suleiman na wavuvi wenzake anaocheza nao bao, na mke wake aliyekuwa akinifundisha kusuka. Mwanaidi mwambie aache kung'ata kalamu.

Kabla sijanyang'anywa simu nilizichapisha picha kumi na mbili kwenye kibanda cha mtaani. Ziko ndani ya bahasha. Yumo msichana wa vifungo, ambaye sikumfuta. Ya chini kabisa ni ileile uliyoiona, ila hii haijakatwa. Usimtazame Anti, mama. Tazama nyuma ya bega lake la kulia. Kuna mwanamke ameshika ncha ya karatasi ya shada kwa vidole viwili, ile yenye jina, isiburuzike chini. Anangoja Anti amalize.

Mwonyeshe Mwanaidi, kisha asubuhi mfungie ushungi aende skuli.

Mimi mwanao niliyeipiga picha hiyo,
Zuhura