Ulichosema Redioni

Kaka,

Mama hajambo, goti limepungua kuvimba. Bati la jikoni tumelibadilisha. Salamu nyingine sina.

Jumanne redio ilikuwa imewashwa ofisini, mtangazaji akakuuliza ulivyofika hapo ulipo. Ukaeleza vizuri: bendi ya hoteli, miaka mitatu ukipiga bluzi na roki kwa watu wanaokula bila kukutazama, kisha ziara ya nje iliyokutoa. Ungeishia hapo. Ukacheka, ukasema, "Pasipoti ilikuwa inachelewa, bwana! Mdogo wangu karani akanigongea fomu muhuri wa bosi wake, bosi yuko kwenye chai!"

Bosi akaweka kikombe chini. "Karani," akasema, "kumbe kaka yako ni msema kweli."

Nilipokupigia simu ukaniambia, "Dogo, acha woga, nilikuwa nachangamsha kipindi." Kuchangamsha! Nimesoma miaka kumi na sita kukipata kiti hiki, wewe umekitoa kwa kicheko kimoja.

Kesho naitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mama analia, anataka niseme ulikuwa unatania, eti nisikuharibie jina. Nimemkatalia mama kwa mara ya kwanza maishani. Maelezo nimeshayakabidhi, yana kila kitu, pamoja na namba ya pasipoti yako. Uhamiaji wataifuta pasipoti hiyo wiki hii.

Nasikia mwezi ujao una ziara nyingine. Usifunge mizigo.

Mdogo wako,
karani hadi kesho saa tatu asubuhi.