Moyo wa Fundi Saa

Ngazini, mlangoni kwa mgonjwa,
Alhamisi, saa tisa alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mjomba hajambo? Na goti lako je, limekubali kupanda ngazi? Sisi wazima, ila mimi leo ni mzima wa mwili tu. Usiucheke mwandiko; naandikia pajani.

Unaijua kazi yangu ya kutafsiri pale zahanati. Juzi alikuja fundi saa mmoja, mgane, mtu wa lugha ya huko ulikoolewa. Akaniambia moyo wake umechoka. Nikamgeukia daktari, nikasema moyo umechoka. Akapimwa, akapewa dawa za moyo za mwezi mzima, akaenda zake.

Wewe ndiye uliyenifundisha, Shangazi. Kwetu moyo ni huu unaodunda kifuani. Kwa wakwe zako moyo ni uhai wenyewe; moyo ukichoka, mtu amechoka kuishi. Nalijua hilo tangu nina miaka tisa. Ndiyo maana kazini tuna desturi: hatutafsiri maumivu mpaka mgonjwa aweke mkono panapomuuma. Juzi foleni ilifika getini, nikairuka desturi hiyo. Mikono yake ilitulia mapajani muda wote. Nimeikumbuka leo nikipiga mswaki, nikautupa mswaki nikakimbilia zahanati.

Nimemweleza muuguzi mkuu yote. Hakunigombeza, na hilo limenitisha zaidi. Alivaa viatu tu, akasema, "Twende, mwanangu. Lawama baadaye."

Tumebisha mpaka vidole vinauma. Kimya. Jirani hajamwona tangu jana. Muuguzi amekwenda kwa mwenye nyumba kutafuta ufunguo wa akiba, nami nimebaki hapa na kalamu, maana nikikaa bure nitapiga kelele. Naogopa, Shangazi. Naogopa ufunguo usipatikane, na naogopa upatikane.

Nisalimie Mjomba, binamu zangu wote watatu, na mama mkwe wako aliyekuwa akinicheka nikikosea maneno yake. Mungu awaepushe na siku kama hii.

Mwanao akupendaye,
Kasuku

Nyongeza, saa kumi na nusu. Fundi amefungua mlango mwenyewe, kabla ya ufunguo kufika. Pakiti ya dawa iko mfukoni mwa muuguzi, haijaguswa. Tunarudi naye zahanati. Leo halali peke yake. Anasema alitusikia tangu tulipoanza kubisha. Alikuwa akingoja kuona kama tutaondoka.