Tuzo ya Waliopamba Sura

Ruhuwiko, Jumapili

Usingizi hauji. Redio imesema ule mchezo wa televisheni wa watu wa angani, tunaoutazama kwenye video ya jirani, uliwania tuzo nyingi ukaambulia moja tu: ya waliowapamba waigizaji sura.

Nilimsimulia mume wangu tukila. Akacheka. "Tuzo ya kupaka watu poda?"

"Ndiyo, baba Neema. Ni kazi. Hata mimi nataka kuacha ualimu, nifungue saluni ya kupamba maharusi."

Alinawa mikono, akaenda kulala. Nikawaza nimeharibu, ningesubiri kidogo, labda ...

Sasa hivi kaniuliza kutoka kitandani, "Hiyo saluni utaiweka wapi?"

Nilijiandaa kwa ugomvi tu; mahali sijapafikiria.