Kopo la Maziwa Kwenye Kabati la Baruti

Baba,

Shikamoo. Nimengoja uitikie, kwa mazoea tu, halafu nimecheka peke yangu. Mama kanisikia, akauliza nacheka na nani. Nimemwambia nacheka na wewe. Ameniletea chai na kunifungia mlango.

Leo Ijumaa sikufungua karakana yetu ya risasi, ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia. Gerezani ni ileile. Mafundi vyuma wanaanza kukata kabla sijatoa kufuli, mabasi ya mwendokasi yanapita, na jirani yetu wa vipuri vya baiskeli bado anasema kesho ataondoa mabomba yake mlangoni kwetu. Leseni nimebaki nayo peke yangu. Jina lako wamelipiga mstari. Niliutazama ule mstari pale ofisini mpaka karani akaniuliza, "Dada, kuna kosa?" Nikamwambia hakuna.

Kiti chako nimekitoa, usikasirike. Wateja walikuwa wakiingia wanakitazama chenyewe kwanza, kisha ndiyo wananitazama mimi, nami nilichoka kushindana na kiti. Sasa kiko hapa nyumbani Ilala na Mama anakikalia akichambua mchele. Anasema kinamuuma mgongo, lakini ukimletea kingine hataki.

Wazee wa klabu ya shabaha bado wanaleta maganda yao yaliyokwisha kupigwa niwajazie upya. Na watu wa Kariakoo bado wananishangaa. Risasi zipo za kiwandani, kwa nini mtu ajaziwe moja moja kwa mkono, kwa mizani? Nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wewe: suti ya dukani inaingia, ya fundi inakaa. Wakicheka nawaacha. Hawajui kwamba bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, kila moja ina chakula chake.

Jambo kubwa lililobadilika ni hili. Ile baruti yetu, Bi Mkubwa, haiji tena. Mwagizaji amesema kiwanda kimeacha kuitengeneza, basi. Nakumbuka Mama alivyokuwa akikuuliza, kama kopo la baruti ndilo Bi Mkubwa, yeye ni nani humu ndani? Ukamjibu kwamba yeye hahitaji kupimwa. Uliponea chupuchupu siku hiyo. Lakini kweli ilikuwa baruti ya heshima, vijiti virefu vya kijivu, inaungua polepole, haina papara. Kasoro yake moja tu, ilikuwa haitiririki vizuri kwenye kipimo; vijiti vilikwama, tukasikia vinakatika, na ikabidi kila ganda tulimalizie kwa mizani, kijiti kwa kijiti. Mtama, ile baruti yetu ya pili, ilitiririka kama jina tuliloipa, vipunje vya duara, ukiipima unasinzia.

Hapo ndipo uliponifunza kuchagua. Nilikuwa bado mpya, nimejaza Mtama kwa mara ya kwanza, tukaenda uwanja wa shabaha asubuhi. Matundu yakakaa pamoja kiasi kwamba kifuniko cha soda kingeyafunika yote. Nikakuletea karatasi nikijua nitasifiwa. Hukuitazama. Ulisema, "Asubuhi kila mchumba ana adabu. Subiri saa saba." Ukaninunulia dafu, tukakaa. Saa saba jua likiwa utosini, bunduki ileile, risasi za boksi lilelile, matundu yalipanda juu ya karatasi na kutawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Joto lilikuwa limeingia kwenye Mtama, mwendo umeongezeka, na kipima mwendo kikatuonyesha kila risasi ina mbio zake. Bi Mkubwa tulipoipiga baada yake haikujua kama kuna jua. Tangu siku ile sijaamini matundu ya asubuhi. Baruti ya kutumia Bongo ichaguliwe mchana.

Kwa hiyo nilipopata makopo ya baruti mpya mawili matatu ya kujaribu, nilifanya hivyohivyo. Sikutazama ipi ina mbio zaidi, maana mbio si sifa. Nilitazama ipi mwendo wake unafanana risasi kwa risasi, ipi inajaza ganda vizuri isibaki inachezacheza ndani, na ipi haibadiliki tabia asubuhi na mchana. Iliyoshinda nimeiita Mgeni. Ina vijiti vifupi, inapimika bila kukatika, na jua haliishtui. Nilijisikia vibaya kuipenda, nakwambia ukweli. Niliona kama nimemletea Bi Mkubwa mke mwenzie kabla ya arobaini.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu.

Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu kuangalia silaha na baruti, kama kawaida mwenye duka akifariki. Nikatoa kila kitu kabatini ili nifute vumbi. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya Haraka, ile baruti ya bunduki ndogo, nikakuta kopo la maziwa ya unga. Nikadhani umeficha sukari uliyokatazwa, Mama asiione. Nikafungua. Ndani kulikuwa na baruti, vijiti vya kijivu, karibu nusu ya kopo. Nje hapakuwa na jina. Hakuna karatasi iliyobandikwa, hakuna alama ya kalamu, hakuna kitu.

Nilikaa chini sakafuni.

Wewe, Baba. Wewe uliyenirudisha nyumbani nikilia kwa sababu niliweka makopo mawili mezani kwa wakati mmoja. Kopo moja mezani, mengine kabatini chini ya kufuli, na kilichomo kwenye kipimo kimwagwe kirudi kwenye kopo lake kabla hujanyanyuka hata kwenda kuswali. "Baruti hailali nyumba ya watu," ulikuwa ukisema. Baruti inalala kwenye kopo iliyokuja nalo, na isiyo na jina haitumiki, hata kama unadhani unaijua. Bi Mkubwa ni vijiti vya kijivu. Haraka nayo ni vijiti vya kijivu, vifupi kidogo tu. Ukiijaza Haraka kwa kipimo cha Bi Mkubwa, bunduki inapasuka usoni mwa mtu. Sheria hii niliisikia kwako kabla sijajua kufunga kanga vizuri.

Anko Harishi, mwenzako wa shabaha, alinikuta palepale sakafuni. Unajua hajaacha kuja Jumamosi. Anafunga duka lake la vitambaa Mtaa wa Kongo, anakuja, anakaa kwenye boksi kwa kuwa kiti hakipo, ananipigia hadithi zenu za mashindano ambazo kila wiki mnashinda zaidi. Alipochungulia lile kopo uso wake ulibadilika ukawa wa kijana.

"Hiyo Bi Mkubwa," akasema. "Naijua kwa macho kama ninavyojua vitambaa vyangu. Kaniwekea mimi."

Akaniomba nimjazie risasi za mashindano ya kufunga msimu. Bega lake limechoka, haya yangekuwa ya mwisho kwake, na alitaka apige kwa baruti ya rafiki yake. "Baba yako angenijazia," akasema, "tena bila kuulizwa."

Nilimwambia apitie Jumapili.

Jumapili nilimimina vijiti vichache kwenye karatasi nyeupe, kando nikaweka vya Haraka. Sikuwa na Bi Mkubwa hata kijiti kimoja cha kulinganisha. Nilipima urefu, nikanusa, nikageuza karatasi dirishani. Mara nilikuwa na hakika ni Bi Mkubwa. Mara sikuwa na hakika. Nikachukua karatasi ya kubandika na kalamu. Nani angejua, Baba? Ningeandika jina, wakaguzi Jumatatu wangeona kopo lenye jina, Anko angepata risasi zake, na wewe ungebaki yule fundi ambaye hajawahi kukosea. Hilo ndilo lililonivuta kuliko Anko. Nilitaka usiwe umekosea. Niliandika herufi ya kwanza.

Halafu nikaona jicho la Anko Harishi nyuma ya bunduki, lile la kulia analolifumbua mpaka nyusi zinapanda, na shavu lake limelalia kitako cha mbao. Nikaichana ile karatasi.

Alipokuja nilimwambia wazi. "Anko, sijui ni nini. Baba hakuandika."

Nilidhani atabisha. Alichezea kofia yake, kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Alianza kusahau. Mwezi ule wa mwisho aliniuliza habari za mke wangu mara tatu katika chai moja. Akaniapisha nisikwambie."

Mke wa Anko alikwisha kufa; tulimsindikiza sote kuchomwa kwa desturi yao Wahindu kule Makumbusho, na wewe ndiye uliyemshika Anko mkono.

Nilikasirika, Baba. Nisikufiche, huko uliko hakuna wa kukupandisha presha. Nilikasirika kwa sababu tulikaa meza moja kila siku na mimi sikuona. Niliona unachelewa kufunga kufuli nikasema ni uzee. Niliona unaniachia mimi kupima nikadhani umeniamini sasa, nikavimba kichwa. Kumbe ulikuwa unaogopa mkono wako, na ukaona bora uogope peke yako. Ungenambia. Ningekukalisha kwenye kiti chako unisimamie kwa mdomo, na hakuna mteja angejua.

Siku zilizofuata nilikusanya maboksi yote ya risasi uliyojaza miezi ile. Nilizunguka Upanga na Magomeni nikibisha hodi kwa wazee, nikiwaambia kuna kasoro ya baruti. Nilisema ni ya baruti. Nimekuhifadhi hapo, na sioni kama nimedanganya sana. Nikafungua risasi moja baada ya nyingine na kurudisha baruti yake kwenye mizani. Nataka ulijue hili kuliko yote: uzito ulikuwa sawasawa. Kila moja. Mkono wako haukusahau kupima, Baba. Ulisahau jina tu.

Wakaguzi walipokuja Jumatatu niliwaonyesha lile kopo na kusema halijulikani, litateketezwa. Yule mwanamke aliyeongoza akaitikia kwa kichwa, akaandika, akasema angependa wenye maduka wote wawe hivyo. Baadaye nikachukua ile baruti na ile ya ndani ya risasi zako, tukaenda na Anko mpaka uwanja wa shabaha, mahali penye mchanga mtupu. Tulifanya kama ulivyonionyesha, kidogo kidogo, mstari mwembamba, mtu asimame kule upepo unakotoka. Anko aliomba awashe yeye. Iliwaka njano, ikasonga taratibu bila kishindo, ikaisha. Nilikodoa macho hadi mwisho nikidhani itanijulisha kama ni Bi Mkubwa au Haraka. Ilibaki majivu kidogo, na upepo ukayachukua. Sitajua kamwe, na nimekubali.

Anko alilia kidogo. Kisha akaniuliza, "Huyo Mgeni wako, saa saba anakuwaje?"

Nikamjazia Mgeni. Mashindano yalikuwa jana mchana, jua la kukaanga mayai. Hakushinda, kijana mmoja wa Mbezi mwenye bunduki ya gharama alimpita. Lakini karatasi yake aliniletea mwenyewe, akiwa amenyoosha mkono kama mtoto aliyetoka shule, na matundu yalikuwa yamekaa pamoja. Nikaweka kifuniko cha soda juu yake. Tundu moja tu lilichungulia. Anko akasema hilo ndilo lake, mengine ni yako, Baba. Nimeibandika ukutani pale kilipokuwa kiti.

Chai imepoa na Mama anapiga hodi, tunaenda kaburini kwako na maua ya asumini. Hii barua nitaisoma pale kwa sauti ndogo, sehemu ya Mama na Bi Mkubwa nitairuka.

Mungu akupe usingizi mwepesi, Baba, usio na kitu cha kukumbuka wala cha kuficha. Mimi naahidi mambo mawili. Hakuna kopo litakalolala kabatini mwangu bila jina. Na siku mkono wangu utakapoanza kusahau, siku hiyohiyo nitamwambia mtu.

Kwaheri, Baba. Shikamoo tena.

Mwanao,
Mwanaidi