Hamira Si Babu Yetu

Dada Ndinda,

Mpaka leo nilikuwa sijarekebisha ule mti wa ukoo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Wiki ile kabla hujalazwa hospitalini, uliniomba ninakili mchoro wako kwenye karatasi ya manila: ukoo wa jeni za zile protini zinazobeba wenzao kuwaingiza ndani ya kiini cha seli. Hamira ina jeni moja, inzi wa matunda tatu, binadamu zaidi. Mimi nikaiweka hamira chini, kwenye shina, kama Baba alivyochora ukoo wetu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "We Mueni! Umefanya hamira babu yetu? Hiyo ni binamu, si iko hapo jikoni kwa mkebe? Ipeleke kwa ncha ya tawi, kama sisi. Wa shina alishapotea, hatumjui."

Nikasema nitarekebisha ukirudi. Hukurudi.

Sasa mwalimu wako wa chuo anakuja hapa Kitengela Jumamosi kuchukua kazi yako. Mama amemwambia mimi ndiye nitamweleza. "Wewe ndio uko na akili yake sasa," ananiambia. Mimi, Dada, ambaye mchungaji wa kanisa akinisalimu naangalia viatu!

Kidogo naelewa. Ulinionyesha kwenye soko la mifugo la Bisil, ukisema protini hizo ni kama wanaoswaga ng'ombe: ng'ombe ana alama, mswagaji anaitambua, anampitisha langoni, anarudi mikono mitupu kuchukua mwingine. Lakini kwa nini sisi tuna waswagaji wengi na hamira ina mmoja? Daftari lako linasema jeni ilijinakili zamani, na nakala moja ikiharibika, nyingine huweza kubeba baadhi ya mizigo yake. Baadhi. Nimesoma hapo mara nyingi. Mama ananiita kwa jina lako, ananitilia chai kwa kikombe chako, nami naitika, nakunywa. Mizigo ipi naiweza? Ipi ilikuwa yako peke yako? Sijui. Hata sijui kama nakuuliza wewe au hilo daftari.

Leo nimenunua manila mpya. Hamira iko kwenye ncha. Shina nimeliacha tupu, na kuliacha tupu kumeniwia vigumu kuliko kuchora.

Jumamosi nitamwambia mwalimu kosa lolote kwenye nakala hii ni langu, si lako. Akiuliza nisichojua, nitasema sijui, nikimtazama usoni.

Pumzika, Dada. Ule mti wa kwanza, uliokuchekesha, sitampa mtu.

Mdogo wako,
Mueni