Profesa Niliyempa Sufuri

Shoga, leo nimeumbuka!

Ile kazi yangu ya kuigiza mgonjwa chuo cha udaktari unaijua. Sasa wamebadilisha mtaala, hata walimu wanapimwa wanavyoongea na mgonjwa. Anayeanguka hafundishi tena. Na mtoa alama ni mimi, wa darasa la saba!

Wakaja walimu vijana. "Shikamoo mama, pole mama." Asali tupu! Nikawamwagia alama.

Akaingia profesa mwenye mvi, aliyewafundisha wote hao. Hakuamkia, hakuuliza jina. Mimi naugulia tumbo kama najifungua, yeye anatazama miguu yangu! Nikampa sufuri, msimamizi akaondoka na fomu.

Ndipo akainama, akanibonyeza kifundo cha mguu. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, tumbo ni la uongo. Miguu imevimba kweli. Tangu lini?"

Tangu lini! Na mimi miezi yote nalaumu viatu.

Shoga, wale wa asali hakuna aliyeona!

Nikakimbilia ofisini nifute sufuri. "Imeshaingia kwenye kompyuta, bibi. Profesa ameanguka."

Kesho asubuhi ananingoja kliniki. Kwa umri ni mdogo wangu yule, lakini shikamoo nitampa mimi.